Utani wa Mkaguzi

Hakuna mtu aliyeikataa kazi yangu mara nyingi kama Mkaguzi, na hakuna mtu niliyemkosea kama yeye. Naanza na hilo ili nisije nikajisahau katikati nikajipamba.

Jina la Mkaguzi tulimpa sisi, likamkaa hata mlinzi wa getini hakujua jingine. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ofisi iko ghorofani Mkuza, Kibaha, juu ya duka la mabati na misumari. Tulitengeneza mfumo wa kliniki za watoto: nesi anafungua kompyuta au simu, anaandika jina la mtoto, anaona amekwisha kuchanjwa nini na bado nini. Sisi vijana tuliandika programu. Mkaguzi alikaa kwenye meza ya pembeni, karibu na dirisha, akaikataa. Akisema bado, ni bado, na bosi mwenyewe hakuthubutu kuipeleka kliniki.

Kompyuta hakuisomea. Alikuwa mtunza kumbukumbu katika kliniki za wilaya kwa miaka mingi, akastaafu, bosi akamchukua kwa mkataba kwa sababu alijua mambo yanavyokwenda kule tusikofika. Mwenyewe alikuwa akisema, “Kompyuta siijui. Namjua nesi.” Na kweli alimjua. Alipokuwa akijaribu kazi zetu aligeuka kuwa nesi. Leo ni nesi aliyesahau miwani nyumbani, anasogeza uso hadi pua inakaribia kioo. Kesho ni nesi mwenye foleni ya akina mama arobaini, anabonyeza kitufe mara tatu kwa sababu mtandao umelala naye hana muda wa kuusubiri. Keshokutwa ni nesi aliyeitwa leba katikati ya kuandika, akaiacha sindano haijaingizwa kwenye mfumo, akarudi baada ya saa mbili na mtoto mwingine mapajani. Alizima mtandao kwa makusudi. Alichomoa chaji. Mara moja alimwagia simu ya majaribio chai ya rangi, nasi tukabaki tunajiuliza kama ile nayo ilikuwa sehemu ya ukaguzi.

Siku za kazi alikaa chumba cha kupanga mtaa wa Picha ya Ndege, Ijumaa akirudi kwake Kisarawe kwa mkewe na mashamba yake. Pikipiki yake ndiyo iliyonifanya nione kwamba binadamu hanyooki pande zote. Mtu aliyetukatalia kazi kwa sababu ya nukta moja alikuwa akiendesha chombo kisicho na kioo hata kimoja cha pembeni. Ukimwambia, anasema nyuma hakuna anachokitafuta. Na yeye ambaye riziki yake ilikuwa kukataa, akitoka pale ofisini hakuweza kumkatalia mtu chochote. Kila kamati ya harusi ya mtaani ilimkuta mwenyekiti. Mwavuli wake ulikuwa wa jumuiya. Jirani aliwahi kumwomba amlindie mbuzi siku moja, wakakaa naye miezi mitatu.

Mimi na yeye tulikuwa watani. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na asiyejua utani huo uzito wake aulize wazee. Siku yangu ya kwanza nilipanda ngazi na begi la kompyuta mgongoni, akanitazama juu hadi chini akauliza kama mizigo ya babu zangu bado haijafika pwani tu. Nilimwamkia kwanza, shikamoo yake nikampa kama inavyopasa, kisha nikamwambia babu zangu walichoka kuwasubiri Wazaramo wamalize ngoma ndiyo waje kuipokea. Alicheka hadi akavua miwani. Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa hivyo: shikamoo, marahaba, halafu matusi.

Sasa niseme tulivyokuwa tukifanya kazi, maana bila hilo kosa langu halieleweki.

Zamani mabadiliko yote ya mfumo yalipelekwa kliniki kwa pamoja, mara moja kila baada ya miezi mitatu. Tuliita kupandisha. Ilikuwa Jumamosi, ofisi nzima inakuja, mama wa chakula anapika pilau, na kila mtu anashika roho yake mkononi. Miezi mitatu ya kazi, vitu thelathini au arobaini, vyote vinaingia kliniki zote siku moja. Kabla ya hapo Mkaguzi alifungiwa na kazi hizo wiki mbili, akipitia kimoja kimoja kwa kidole kimoja, nasi tukimlaumu kwamba anatuchelewesha. Kadiri alivyochelewa ndivyo kazi zilivyozidi kurundikana nyuma yake, na kadiri zilivyorundikana ndivyo alivyozidi kuchelewa. Hakuna aliyeona kwamba tulikuwa tunajifunga wenyewe.

Jumamosi moja tukapandisha, tukala pilau, tukaagana. Jumatatu mfumo ukaanguka. Siku tatu manesi walirudi kwenye madaftari, nasi tukichambua vitu arobaini tusijue ni kipi kilichoharibu. Mkaguzi alichukua pikipiki yake akazunguka kliniki hadi kliniki kuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Alirudi Alhamisi, vumbi hadi kwenye kope, akakaa bila kuvua koti. Akasema, “Mnaniletea gunia zima. Mimi naangalia mdomo wake tu.”

Ni maneno hayo yaliyonipa ujasiri. Nilikuwa nimesoma na kusikia kwa wenzetu wa mjini kwamba kuna njia nyingine: kila badiliko lipelekwe peke yake, siku hiyo hiyo lilipokamilika. Mashine ipewe orodha ya mambo yote ya kukagua, iyapitie upya kila mara, kwa dakika chache. Likipita, lipelekwe kliniki moja kwanza. Likikaa vizuri, ziende nyingine. Likiharibu, lirudishwe toleo la jana kabla chai haijapoa. Hakuna Jumamosi, hakuna kushika roho. Bosi alilipenda wazo lile siku ileile.

Lakini orodha ya mambo ya kukagua ilikuwa wapi? Ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Nilimfuata mezani kwake nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo ambalo kila mtu pale ofisini alilifikiria na hakuna aliyelisema. “Mtani, nikikumwagia yote, mimi nabaki na nini?”

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka. Nilimwahidi kwamba atabaki. Nilimwambia mashine haimjui nesi, na ile kliniki ya kwanza, iliyo kule kwake Kisarawe, itahitaji mtu wa kukaa pale kila badiliko linapofika, amtazame nesi usoni. Mtu huyo ni yeye. Bosi alikubali kwa mdomo. Naapa nilikuwa naamini nilichokisema.

Basi akatoa. Wiki tatu tulikaa pamoja kila alasiri, yeye anasema, mimi naandika kwenye daftari langu. Mtoto asiye na jina kwa sababu arobaini yake bado. Mtoto aliyeletwa na bibi ambaye hajui tarehe. Mama mwenye simu mbili na zote hazina chaji. Familia iliyohama kutoka Mlandizi na kadi ikaliwa na mchwa. Hakubania kitu. Nilipochelewa kuandika alinisubiri, na nilipokosea alilivuta daftari akasahihisha kwa mkono wake.

Alasiri ya mwisho tulikuwa tumechoka wote. Malori ya viwanda vya Zegereni yalikuwa yanapita chini na dirisha linatetemeka. Nilifunga daftari, akaniambia nilifungue, kuna la mwisho. “Andika Kulwa na Doto, watoto wa watani zangu. Wanyamwezi mnazaa wawili wawili ili mle sahani mbili. Mashine yako isije ikawaona ikadhani ni mtoto mmoja.”

Nilicheka. Nilimjibu kwamba afadhali sisi tunaozaa wawili kuliko wao wanaolala wawili shambani na jembe likiwa moja. Nikaandika: Kulwa na Doto. Pembeni nikachora uso unaocheka. Wiki iliyofuata nilipokuwa nageuza kila mstari wa daftari kuwa jaribio la mashine, nilifika pale, nikacheka tena, nikafunua ukurasa.

Nililichukulia kuwa utani. Mimi, Mnyamwezi, ambaye kwetu pacha ana jina lake kabla hajazaliwa. Na utani nimeuona tangu utoto. Misibani nimewaona watani wakilala juu ya jeneza, wakichekesha watu, na ndani ya kichekesho hicho wakisema ukweli ambao ndugu wa marehemu hawakuthubutu kuugusa. Kwa watani neno zito huja likiwa limevaa kicheko. Nilijua, na bado nikafunua ukurasa.

Njia mpya ilifanya kazi, hilo lazima nilikiri hata kama linaniuma. Badiliko la kwanza lilikuwa dogo, maandishi ya kitufe kimoja tu, siku ya Jumanne. Mkaguzi alisimama nyuma ya kiti changu. Nikabonyeza. Akauliza kama imeshaenda, nikamwambia imeshaenda. Alitazama huku na huku akauliza pilau iko wapi.

Ndani ya miezi michache aliipenda njia ile kuliko sisi tulioileta. Alikuwa akikaa kliniki kule Kisarawe asubuhi, saa tatu ananipigia kwamba nesi anakwama hapa, anabonyeza pale anakosa, na alasiri nesi yuleyule anakuta pamerekebishwa. Alikuwa akiwaambia manesi, kwa majivuno ya mtu aliyejenga nyumba, kwamba siku hizi wakisema tunasikia. Walimpenda. Walimwekea kiti chake.

Kisha tukatengeneza badiliko la kuondoa watoto walioandikishwa mara mbili. Lilikuwa tatizo la kweli. Mama akisafiri na kurudi, mtoto anaandikwa upya. Tukauambia mfumo: mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, jinsia moja, basi ni mtoto mmoja, waunganishe. Mashine ikapitia majaribio yote, yote yakawa ya kijani, yaani yamepita. Tukalipeleka kliniki ya kwanza. Wiki hiyo Mkaguzi hakuwepo pale. Alikuwa kwenye msiba wa shemeji yake.

Mama mmoja alitembea kutoka mashambani na mabinti zake pacha wa miezi tisa, kwa ajili ya sindano ya surua. Wa kwanza akachomwa. Nesi alipomwandika wa pili, mfumo ukamwambia mtoto huyu ameshachanjwa leo. Nesi mwenyewe alikuwa mgeni pale. Mama alibishana, nesi akaamini kioo kuliko mama, wakarudi nyumbani mmoja akiwa hana chanjo. Nesi mkuu aliporudi alasiri aliona, akapiga simu. Kwa robo saa tulikuwa tumerudisha toleo la jana. Kesho yake mama alifuatwa, mtoto akachanjwa. Kliniki moja, mtoto mmoja, siku moja. Kwa mtindo wetu wa zamani lingeingia kliniki zote kumi na saba, likakaa miezi mitatu, na nani angejua ni pacha wangapi wangerudishwa na surua ingewakuta wapi. Nawaambia hivyo wanaoniuliza kama njia ile inafaa. Inafaa.

Ila bosi alitaka kujua kwa nini jaribio la pacha halikuwepo.

Alituita wote. Mkaguzi alikuwa ametoka msibani siku hiyohiyo, bado amevaa kanzu. Bosi alimuuliza, kwa upole, kama hakuwahi kuwataja pacha katika yale yote aliyotupa. Mkaguzi hakumtazama bosi. Alinitazama mimi. Hakuwa amekasirika; alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyekupa zamu yako ya kusema.

Bosi naye akanigeukia. “Aliwataja?”

Daftari lilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa katikati ya miguu yangu. Nilikuwa nimewaza usiku kucha, na nilichowaza si yule mtoto. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyeileta njia hii, na wakijua kwamba shimo ni langu watairudisha Jumamosi na pilau, na mimi nitabaki kuwa msichana aliyetaka makuu. Nikasema, “Sikumbuki.”

Neno moja. Bosi akatikisa kichwa, akasema kwamba wazee wengine hubakiza kitu ili waendelee kuhitajika, ni jambo la kibinadamu. Hakuna aliyebisha. Mkaguzi aliinamisha macho akaanza kuikunja mikono ya kanzu yake. Mkataba ulipoisha haukuongezwa.

Siku ya kuondoka alipita meza hadi meza akitoa mkono. Kwangu alisema, “Kwaheri, dada. Mungu akusaidie katika kazi.” Dada. Hakunitania kuhusu mizigo, hakunitania kuhusu chochote. Nimetukanwa na watu wengi maishani, hakuna tusi lililoniingia kama heshima ile.

Miezi mitano nilikaa na jambo hilo. Jaribio la pacha nililiandika jioni ileile ya kikao, kimya kimya, na kila siku mashine inalipitia. Kila linapopita nalichukia. Nilijiambia mzee ana mashamba, ana pensheni yake, hana shida. Hizo ndizo hadithi tunazojisimulia ili tulale.

Nilikwenda Kisarawe siku ya Jumamosi. Nyumba yake iko nje kidogo ya mji, nikamkuta uani na mkewe wakimenya muhogo wa kukausha. Nilimwamkia, akaitikia, nikaletewa kigoda. Mkewe aliniuliza habari za Kibaha, nikajibu nisichokumbuka, kisha akaona uso wangu akaingia ndani. Sikujua njia ya kuzunguka. Nilimwambia kwamba aliwataja, na kwamba kikaoni nilikumbuka vizuri kabisa.

“Najua,” alisema. “Nilikuona ukichora ule uso unaocheka.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Aliendelea kumenya hadi akamaliza ule muhogo alioushika. “Ningesema mimi, wangemsikia mzee anayetetea ugali wake. Lile neno lilikuwa lako.”

Nililia. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza. Baadaye akanisimulia kitu ambacho sikuwa nimekijua. Maneno ya bosi yalikuwa yamefika kliniki. Nesi mmoja, wa wale waliomwekea kiti, alikutana naye sokoni akamuuliza kama ni kweli alijua habari ya pacha akanyamaza ili asiachishwe kazi. Alisema kazi si kitu, kazi huisha. Lakini amekaa na manesi miaka yote hiyo, na sasa kuna watu wanaoamini kwamba alimwacha mtoto arudi nyumbani bila sindano ili yeye apate mkataba. Aliposema hivyo nikaona ni kwa kiasi gani nilimwibia.

Nilimwambia kwamba Jumatatu nitamweleza bosi.

“Jumatatu kuna nini?” aliuliza.

Nilitoa simu nikampigia bosi palepale uani. Mkaguzi alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba ili nisiseme mbele yake. Nilisema yote, daftari, uso unaocheka, sikumbuki yangu. Bosi akasema amesikia, kwamba tutaongea tukirudi kazini, na kwamba nafasi ya mzee haipo tena kwenye mipango ya mwaka huu, na ingekuwa vizuri jambo hili lisizungumzwe sana mbele ya wateja. Akakata.

Nilimfuata Mkaguzi nyuma ya nyumba nikampa maneno yale kama yalivyo, sikupunguza.

“Lakini amesikia?”

“Amesikia.”

Alitazama mihogo iliyoanikwa, akageuza kipande kimoja kilichokuwa kimelala upande mbaya. “Basi bado manesi,” alisema.

Kliniki ni kumi na saba, yeye alizipita zote kwa pikipiki siku zile tulipoangusha mfumo. Mimi nilianza na ile ya kwanza, siku ileile, kabla haijafungwa. Bosi amenionya mara mbili, na sijui kama nami mkataba wangu utafika mwisho wa mwaka. Hadi ninapoandika haya nimefika tisa. Kila ninapokwenda nakaa na manesi, nawaambia mzee aliwataja pacha na mimi ndiye niliyesema sikumbuki. Wengine hunitazama kwa huruma, wengine kwa dharau, nami napokea yote. Halafu huniuliza swali moja, kwamba mzee mwenyewe yuko wapi na mbona haji.

Nawaambia yuko kwake, hajambo, na nyumba yake si mbali.